Marubani wawili, kosa moja: ndege ikivuka anga lililofungwa, nani anajibu?

NAGURU, KAMPALA

Barabara ya Katalima hupanda kilima cha Naguru ikipita mbele ya makao makuu ya Polisi ya Uganda. Ng'ambo ya bonde la Lugogo ndipo kilipo kilima cha Kololo, na uwanja ambako bendera ya Uganda ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962. Zamani ndege ndogo zilitua hapo. Siku hizi ni uwanja wa sherehe za taifa, na katika sherehe kubwa ndege za kivita aina ya Sukhoi hupita juu ya vilima hivi viwili kwa ngurumo inayowatoa watu nyumbani kuangalia juu.

Aliye chini haoni mipaka ya anga hilo. Rubani analazimika kuijua kabla hajawasha injini. Kutoka Naguru hadi uwanja mdogo wa Kajjansi, kando ya barabara ya Entebbe, ni kilomita 16 hivi kwa mstari ulionyooka. Kajjansi kuna klabu ya marubani ya Kampala na shule yake ya urubani, na hapo ndipo ndege ndogo za shirika la kimisheni la MAF hupaa kwenda mikoani. Ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172, ikienda mwendo wa kilomita 200 kwa saa, humaliza umbali huo kwa dakika tano. Ni muda mfupi mno kwa mtu kugundua kuwa amepotea, hasa kama ndani ya ndege wamo wawili na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye anayeangalia njia.

Hapo ndipo penye swali la makala haya. Ndege yenye marubani wawili ikiingia katika anga lililofungwa, kosa ni la nani? La kapteni, la aliyeshika usukani, au la wote wawili? Sheria ina jibu lake, na ni jepesi. Usalama una jibu jingine, na mahali ambapo majibu hayo mawili hayakukutana, watu wamekufa.

Marufuku, masharti na hatari

Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani. Unaanza kwa kukiri kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Kifungu cha 9 kinairuhusu nchi kufunga sehemu ya anga hilo kwa sababu za kijeshi au za usalama wa umma. Ruhusa hiyo ina masharti yake: eneo liwe la ukubwa wa kadiri, amri isipendelee mashirika ya ndege ya nyumbani dhidi ya ya kigeni, na nchi nyingine zijulishwe. Kukitokea dharura, nchi inaweza kufunga anga lake papo hapo, lote au sehemu, kwa muda.

Kwenye ramani za marubani maeneo haya hutambulishwa kwa herufi tatu. P ni eneo lililopigwa marufuku, ambalo ndege haipiti. R ni eneo lenye masharti: unapita kwa saa fulani, kwa kimo fulani, au kwa ruhusa ya wanaolisimamia. D ni eneo la hatari, kama vile mahali pa mazoezi ya mizinga, ambako rubani anaonywa kuhusu kitakachomkuta. Mbele ya herufi hizo huandikwa alama ya nchi: HU kwa Uganda, HK kwa Kenya, HT kwa Tanzania, HR kwa Rwanda na FZ kwa Kongo. Baada yake hufuata namba. Rubani aliyesoma vizuri huielewa alama hiyo kwa kuitupia jicho tu.

Kuna pia maeneo yanayofungwa kwa muda. Hayo hutangazwa kwa taarifa fupi kwa marubani, iitwayo notamu. Rais Barack Obama alipozuru Nairobi Julai 2015, mamlaka ya anga ya Kenya ilitangaza kufungwa kwa anga kwa dakika 50 wakati wa kuwasili kwake na dakika 40 wakati wa kuondoka. Rubani ambaye siku ile angeruka kwa mazoea ya wiki iliyopita, akiwa na ramani safi na leseni halali, angeingia matatani akiwa katika njia anayoipita kila siku.

Kufungwa kwingine kunadumu miezi au miaka. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga la Sudan lilifungwa, na ndege zinazotoka Afrika Mashariki kwenda kaskazini zikalazimika kuzunguka. Februari 2025 Kongo ilizipiga marufuku ndege zilizosajiliwa Rwanda kupita juu ya ardhi yake, na shirika la RwandAir likabadili njia za safari zake za magharibi.

Kwa Uganda, kazi ya kuchapisha na kusambaza taarifa hizi ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, yenye makao yake Entebbe. Katika mji huohuo umo CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanzishwa mwaka 2007 ili kanuni za usalama wa anga za nchi wanachama zilingane. Kwa maandishi, basi, hatuna upungufu mkubwa. Shaka huanza ndani ya chumba cha marubani.

Sheria inamtafuta mmoja

Kanuni za anga za kimataifa, zilizomo katika Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago, zinatamka wazi kwamba rubani kiongozi wa ndege ndiye mwenye dhamana ya kuhakikisha kanuni zinafuatwa, awe ameshika usukani au hakuushika. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho ndani ya ndege. Kanuni hizohizo zinamtaka, kabla ya kuruka, ajue taarifa zote zinazohusu safari yake. Kwa hiyo mwanafunzi akipinda kushoto badala ya kulia na kuingia eneo la P, anayeitwa kujieleza kwanza ni mkufunzi aliyekaa kando yake mikono ikiwa mapajani. Mkubwa ni jalala, walisema wahenga, na takataka zote za safari humwagwa kwake.

Mfano unaojulikana sana ni wa Washington. Tarehe 11 Mei 2005 ndege ndogo ya Cessna 150 iliondoka Pennsylvania ikielekea North Carolina. Ndani walikuwamo wawili: rubani mwenye leseni, na mwanafunzi aliyekuwa na saa 30 hivi tu za kuruka. Walipotea, wakaingia katika anga linaloulinda mji mkuu wa Marekani na kufika kilomita chache kutoka Ikulu. Wabunge na wafanyakazi walikimbizwa nje ya majengo, ndege za kivita za F-16 zikarusha miali ya moto ya kuonya, na mwishowe Cessna ile ikasindikizwa hadi uwanja wa Frederick, Maryland.

Mamlaka ya anga ya Marekani ilimfutia leseni yule rubani. Hakukagua matangazo ya anga ipasavyo, hakujua alipo, na alipozuiwa hakujua hatua za kuchukua. Mwanafunzi hakuadhibiwa. Kwa sheria hapo hapana utata: mwenye leseni ndiye aliyekuwa kiongozi, basi ndiye aliyejibu.

Msimamo huo una busara yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndege inayokwenda kilomita tatu au nne kwa dakika haina nafasi ya mkutano wa kamati, na abiria wana haki ya kujua kwamba yupo mtu mmoja asiyeweza kusema, "Nilidhani ni kazi ya mwenzangu." Kugawa dhamana ya kisheria nusu kwa nusu ni kuwapa wote wawili mlango wa kutokea.

Ila sheria inayomtafuta mmoja baada ya kosa haitoshi kulizuia kosa lenyewe. Katika kulizuia, wa pili ana kazi yake, na si ndogo.

Jicho la pili

Katika ndege ya marubani wawili, kazi hugawanywa hivi: mmoja anaendesha, mwingine anafuatilia. Anayefuatilia husoma ramani, huzungumza na waongoza ndege, huhakiki kimo, mwendo na mwelekeo, na huinua sauti anapoona jambo lisilolingana. Kapteni anaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili. Mara nyingi hupokezana: safari ya kwenda anaendesha huyu, ya kurudi anaendesha yule.

Kufuatilia ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu kosa la njia huanza dogo sana. Marubani hufundishwa hesabu ya moja kwa sitini: ukikosea mwelekeo kwa nyuzi moja tu, baada ya kilomita 60 utakuwa umehama njia kwa kilomita moja. Ukikosea kwa nyuzi tano, umehama kwa kilomita tano, na kilomita tano zinatosha kukutoa upande huu wa Kampala kukupeleka ule. Hakuna mtikisiko wala kengele ya kukuonya, na injini inanguruma vilevile.

Dunia ilijifunza hilo tarehe 1 Septemba 1983. Boeing 747 ya Korean Air Lines, safari namba 007, iliondoka Anchorage huko Alaska kwenda Seoul. Chumba cha marubani kilikuwa na watatu: kapteni, rubani msaidizi na mhandisi wa ndege. Uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, uliokamilika mwaka 1993 baada ya Urusi kutoa vinasa sauti ilivyokuwa imevificha, ulihitimisha kwamba mtambo wa kuendesha ndege uliachwa ukishika mwelekeo mmoja wa dira badala ya kufuata njia iliyopangwa. Ndege ikahama njia yake kidogo kidogo. Kwa zaidi ya saa tano, watu watatu wenye ujuzi hawakugundua. Wakapita juu ya rasi ya Kamchatka, kisha juu ya kisiwa cha Sakhalin, maeneo ya kijeshi ya Umoja wa Kisovieti, hadi ndege ya kivita ya Su-15 ilipowapiga kombora. Watu wote 269 walikufa.

Lawama ya kulipua ndege ya abiria ni ya aliyefyatua na waliomwamuru. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Mei 1984, mataifa yaliongeza katika Mkataba wa Chicago Kifungu cha 3 bis, kinachozitaka nchi zijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia iliyo angani. Nchi inaweza kuiamuru itue, na ndege inalazimika kutii. Kifungu hicho kilianza kufanya kazi Oktoba 1998. Lakini somo la chumba cha marubani lilibaki palepale: idadi ya macho haisaidii kama kila jicho linaliamini jicho jingine.

Kuna ugonjwa mwingine, wa kuona na kunyamaza. Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu wa kisiwa cha Tenerife, kapteni wa KLM, mmoja wa marubani walioheshimiwa sana katika shirika lake, alianza kupaa wakati ndege ya Pan Am ingali kwenye njia ileile. Mhandisi wake aliuliza kama Pan Am wameshatoka. Kapteni akajibu kwamba wametoka. Mhandisi hakuuliza tena. Watu 583 walikufa katika ajali ambayo mpaka leo haijapitwa kwa idadi ya vifo katika historia ya usafiri wa anga.

Baada ya hapo, kuanzia semina ya NASA ya mwaka 1979, mashirika ya ndege yalianza kufundisha namna ya kufanya kazi pamoja ndani ya chumba cha marubani. Kapteni anafundishwa kuuliza na kusikiliza. Msaidizi anafundishwa kupandisha sauti kwa hatua. Kwanza anataja anachokiona: "Kapteni, ziwa liko kulia kwetu, ramani inasema lingekuwa kushoto." Asipojibiwa, anataja hatari na dawa yake: "Kapteni, mbele yetu ni eneo la P. Tugeuke kulia sasa." Akinyamaziwa mara ya pili, mashirika mengi yanamruhusu, na mengine yanamwamuru, achukue usukani.

Kwetu somo hili ni gumu zaidi kwa sababu ya malezi. Mtoto wa Afrika Mashariki hafundishwi kumkatiza mkubwa. Jeshini na polisi hapa Uganda mdogo humwita mkubwa wake "Afande", na neno la Afande kwa kawaida hufuatwa na utii, si swali. Katika shule ya urubani, mkufunzi mwenye saa elfu kadhaa za kuruka ameketi na kijana mwenye saa 20. Kijana anaona jengo asilolitarajia chini ya bawa la kushoto. Anajiambia kwamba mwalimu bila shaka ameliona, na kama angeona kosa angesema. Mwalimu naye anafikiri kijana yuko kimya kwa sababu anajua njia. Kimya cha wawili hao kinaweza kuwapeleka juu ya Naguru, juu ya ikulu au juu ya kambi ya jeshi, kila mmoja akiwa na imani kamili na mwenzake.

Heshima yenyewe haina kosa. Inakuwa na kosa ikizuia taarifa. Msaidizi anayesema kwa adabu kwamba ndege imepotea hajamvunjia kapteni heshima. Amemlinda yeye, leseni yake na wote waliomo.

Sekunde kumi na tano za Goma

Kama mtu anadhani haya ni mambo ya Washington na Sakhalin, atazame mpaka wa Goma na Gisenyi. Uwanja wa ndege wa Goma, nchini Kongo, na ule wa Gisenyi, wilayani Rubavu, nchini Rwanda, vimeachana kwa kilomita mbili hadi tatu tu, na mpaka wa nchi umepita katikati. Ndege ya kivita ya Sukhoi Su-25 ikienda kilomita 600 kwa saa hukata kilomita kumi kwa dakika. Nafasi kati ya viwanja hivyo viwili ni sekunde 15 hivi kwake.

Tarehe 7 Novemba 2022, Su-25 ya Kongo iliingia Rwanda na kugusa ardhi kwa muda mfupi katika uwanja wa Rubavu kabla ya kupaa tena. Kinshasa ilikiri kwamba ndege yake, ikiwa kwenye upelelezi bila silaha, iliingia anga la jirani kwa bahati mbaya. Desemba mwaka huohuo Rwanda ililalamika tena. Tarehe 24 Januari 2023, Su-25 ya Kongo ilirushiwa kombora kutoka upande wa Rwanda. Picha za video zilionyesha moto ukiwaka kwenye bawa, na ndege ikatua Goma. Kigali ilisema imechukua hatua za kujilinda dhidi ya uvunjaji wa anga lake. Kinshasa ilikana kwamba ndege ilivuka mpaka, ikakiita kitendo hicho cha kivita.

Su-25 ya kawaida ina kiti kimoja. Ndani yake hakuna wa kuuliza, "Afande, je, ule si mpaka?" Rubani wa namna hiyo anabeba kazi za wawili: kuendesha na kujisahihisha. Jicho lake la pili liko ardhini, kwa waongoza ndege na makamanda waliompangia njia. Kwa hiyo hata ndege ya mtu mmoja ina dhamana ya zaidi ya mtu mmoja. Kumpangia mtu mzunguko wa kutua unaopita karibu sana na nchi yenye uhasama, kisha kumtupia lawama zote yeye, ni kukwepa sehemu yako.

Uganda iko jirani na moto huo. Uwanja mdogo wa Kisoro, unaopokea watalii wanaokwenda kuona sokwe wa milimani, uko karibu na mpaka wa Bunagana upande wa Kongo na mpaka wa Cyanika upande wa Rwanda. Bunagana ilitekwa na waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022. Kaskazini yake kidogo, uwanja wa Kihihi nao hauko mbali na mpaka wa Kongo. Ndege za watalii zinazokwenda huko hupenya kati ya milima na mawingu, na rubani anayezunguka wingu upande usiofaa anaweza kujikuta nchi nyingine.

Juu ya hayo, mitambo yenyewe imeanza kutiliwa shaka. Mwaka 2024 ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, MONUSCO, ulilalamika kuhusu kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS katika Kivu Kaskazini. Rubani aliyezoea kufuata mstari kwenye kioo anaweza kuonyeshwa mahali asipokuwepo. Katika hali hiyo mwenzake mwenye ramani ya karatasi, saa ya mkononi na macho ya kutambua mto, barabara na kilele cha Muhabura ana thamani kuliko kioo chochote.

Walio chini nao wana fungu lao

Kanuni inasema ndege isiingie eneo la marufuku au la masharti ambalo habari zake zimechapishwa ipasavyo. Maneno hayo ya mwisho yanaiwajibisha serikali. Anga lililofungwa bila kutangazwa ni mtego, na rubani aliyenaswa humo hastahili kulaumiwa peke yake.

Tarehe 4 Mei 2020, ndege aina ya Embraer 120 ya kampuni ya Kenya, African Express Airways, ilikuwa ikitua Berdale, kusini magharibi mwa Somalia, ikiwa na vifaa vya kupambana na corona. Wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa wakilinda eneo hilo waliipiga, na watu wote sita waliokuwamo wakafa. Jeshi la Ethiopia lilieleza baadaye kwamba askari wake hawakuwa wamepewa taarifa za safari hiyo, waliiona ikiruka kwa namna isiyo ya kawaida, wakaidhania ya kujitoa mhanga. Marubani wale hawakuwa wamepotea. Walikuwa mahali walipotumwa. Kilichopotea ni habari, mahali fulani kati ya ofisi iliyotoa kibali na askari aliyeshika silaha.

Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa zimeweka lugha ya kuzuiana angani, ili kosa lisigeuke msiba. Ndege ya kivita inayozuia hujitokeza mbele, kushoto kwa ndege iliyopotea, na kutikisa mabawa. Maana yake ni: umezuiwa, nifuate. Aliyezuiwa hujibu kwa kutikisa yake na kufuata. Hufungua redio masafa ya dharura ya 121.5, na huweka namba 7700 kwenye transponda asipoelekezwa vingine. Hapa pia wawili ni bora kuliko mmoja: mmoja anafuata, mwingine anazungumza. Rubani mwanafunzi ambaye hajawahi kufanyishwa zoezi hili ardhini hawezi kulikumbuka akiwa na ndege ya kivita ubavuni.

Droni juu ya Naguru

Siku hizi rubani si lazima awe angani. Katika hoteli na nyumba za kilimani Naguru, harusi na sherehe za utambulisho hupigwa picha kwa droni, na mpiga picha aliyeshika rimoti ni rubani, apende asipende. Uganda hairuhusu droni kurushwa bila kibali, na kibali hicho hupitia pia uchunguzi wa Wizara ya Ulinzi. Kilima chenye makao makuu ya Polisi, kinachotazamana na uwanja wa sherehe za taifa, si mahali pa kujaribu bahati.

Hapa pia dhamana ni ya zaidi ya mmoja. Mrushaji anatazama kioo, hivyo anahitaji mwenzake anayetazama anga. Mwenye sherehe aliyemlipa na kumwambia "irushe tu, hakuna atakayeona" anashiriki kosa, hata kama karatasi za polisi zitaandika jina la mpiga picha peke yake.

Tufanye nini

Chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, kimewatoa marubani wanaoruka kote katika ukanda huu. Huko Soroti, Kajjansi na uwanja wa Wilson, Nairobi, ndiko tabia hujengwa. Mkufunzi anaweza kuanza kila safari kwa sentensi moja: "Ukiona jambo usilolielewa, sema, hata kama unadhani mimi nimeliona." Kisha, mara moja moja, akosee kwa makusudi katika eneo salama aone kama mwanafunzi atasema. Mwanafunzi aliyenyamaza asipewe alama za nidhamu. Amefeli zoezi.

Mamlaka za anga nazo zina kazi yake. Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, kilichoanza kutumika mwaka 2013, kinazitaka nchi ziwe na mfumo wa hiari wa kuripoti makosa ambao hauwaadhibu wanaoripoti kwa nia njema. Kosa la bahati mbaya lichunguzwe ili lisirudiwe, na uzembe wa makusudi ndio uadhibiwe. Rubani msaidizi anayejua kwamba ripoti yake itamfukuzisha kazi kapteni wake, au yeye mwenyewe, ataificha. Mwezi ujao mwingine atapita palepale.

Serikali pia zikumbuke kwamba kufunga anga ni haki yenye wajibu. Notamu itoke mapema, iwe fupi, itaje saa, kimo na mipaka kwa lugha isiyo na utata, na iwafikie marubani wa viwanja vidogo kama inavyowafikia wale wa mashirika makubwa. Askari aliye chini apewe ratiba ileile aliyonayo mwongoza ndege.

Kuhusu swali la nani anajibu, hukumu ya mwandishi huyu ni hii. Mbele ya sheria, kapteni ajibu, na asitafute pa kujificha. Mbele ya dhamiri na mbele ya kikao cha uchunguzi, aliyeona akanyamaza naye ajibu, awe mwanafunzi, msaidizi au mwongoza ndege. Kwa hiyo wewe kijana unayeketi kiti cha kulia kwa mara ya kwanza, soma matangazo ya anga mwenyewe kabla ya safari hata kama kapteni ameshayasoma. Ukiona njia imekosewa, sema. Asiposikia, rudia.